Kipa wa Misimu Miwili

Watu wa kanisani kwetu Mount Druitt wakitaka kunitania huniuliza kama ni kweli niliuzwa. Nawajibu kwamba sikuuzwa, nilitolewa mahari. Timu yangu ya soka ilinitoa kwa watu wa kriketi ili ipate uwanja, na kocha wetu, Mkongo mmoja mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, hakusita hata kidogo. Nilikuwa nimeidakia timu ile tangu tulipofika Sydney. Angalau angejifanya kuhuzunika.

Nianze na uwanja wenyewe, maana ndio uliotutia wazimu. Uko upande wa St Marys, ni mali ya council, yaani halmashauri ya mji, na kama viwanja vingi vya huku una maisha mawili. Majira ya joto ni wa kriketi. Katikati yake pana ukanda wa zege uliotandikwa zulia la kijani, na hapo ndipo mmoja anarusha mpira na mwingine anaupiga kwa gongo. Baridi ikija, wafanyakazi wa council wanaufunika ukanda ule kwa udongo na nyasi, magoli yanasimamishwa, na uwanja unakuwa wa soka. Mpango mzuri, ila una miezi miwili ya ugomvi. Februari na Machi wao hawajamaliza ligi yao, na sisi tusipoanza mazoezi miezi hiyo tutaingia kwenye ligi yetu na matumbo mbele.

Utasema, si mkafanye mazoezi kwingine? Tulijaribu. Tulikwenda kwenye bustani isiyo na taa, tukafukuzwa. Tulikwenda nyuma ya shule, geti likafungwa. Timu yetu ni ya Warundi na Wakongo, wengi tumepitia kambi za Kigoma, na mtu akitoka shifti ya ghala au ya kutunza wazee, akiwa amesikia Kiingereza kutwa nzima, uwanjani jioni ndipo anapopumua. Pale unajua nani kapata nyumba, nani amefiwa na mama kule, kiwanda gani kinachukua watu. Mwaka mmoja tulikosa ile miezi miwili, na ligi ilipoanza wachezaji walikuwa wametawanyika, wameshazoea kukaa nyumbani na simu zao. Ilibaki kidogo tufutwe. Timu haifi kwa kufungwa magoli, inakufa kwa kukosa pa kukutana. Mwaka mwingine kama ule ungetumaliza, na kila mtu alilijua hilo.

Tena wa kulaumiwa tulikuwa sisi wenyewe. Beki wetu wa kushoto aliwahi kuburuta goli la chuma juu ya lile zulia la kijani, likachanika. Watu wa kriketi wakaenda kulalamika, na council wakatoa jibu moja: mpaka Machi iishe uwanja ni wa kriketi, mkitaka jioni zake kawaombeni wao. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja mzaliwa wa Uingereza, na habari tulizokuwa nazo ni kwamba haombeki.

Sasa, kazini kwangu Ingleburn, kwenye ghala ninakoendesha forklift, kulikuwa na Mnepali mmoja ambaye ndiye nahodha wa timu hiyohiyo ya kriketi. Alikuwa na tabia ya kunirushia vitu. Roli ya plastiki ya kufungia mizigo, glavu, chungwa la mapumziko. Hasemi kitu, anarusha tu, na mimi nadaka. Siku moja alinirushia tufaha nikiwa nimempa kisogo. Niligeuka nikalidaka kwa mkono wa kushoto, naye akaja karibu akinikagua kama mtu aliyeona mbuzi mzuri mnadani.

"Brother, kipa wetu amehamia Queensland," aliniambia kwa Kiingereza chetu cha ghalani. "Njoo udake kwetu summer hii. Ukija, mimi nitawasemea kuhusu uwanja."

Nilimpelekea kocha habari hiyo nikitarajia tutaijadili kama watu wazima.

"Enda!" alisema kabla sijamaliza. "Weye ni gardien, kazi yako si kudaka tu? Bale batu bakituachia terrain, équipe inapona. Enda leo leo!"

"Na nikiumia vidole?"

"Utapona. Baridi ingali mbali."

Mke wangu alinisikiliza nikimweleza sheria za kriketi kama nilivyoelezwa, akaniuliza, "Baba watoto, mchezo unaanza mchana unaisha jioni, na katikati mnakaa mnakunywa chai. Huo ni mchezo au ni harusi?" Nilimwambia tu anifulie suruali nyeupe.

Kwa asiyeijua kriketi, kipa wake anachuchumaa nyuma ya vijiti vitatu wanavyoviita wiketi. Mrushaji anarusha kutoka mbali, mpigaji anajaribu kuupiga, na mpira unaompita mpigaji ni wa kipa. Nikajiambia kazi ni ileile. Nilikuwa na kiburi, nacho nilikistahili; kambini nilidaka penalti ambazo watu wazima walizisimulia mpaka msimu wa mvua.

Mechi ya kwanza, mpira wa kasi ulimpita mpigaji, ukadunda, ukanijia juu ya kichwa. Ukipa wangu wote ukaamka. Niliruka nikienda nyuma, nikanyoosha mkono, nikaupangua kwa ncha za vidole juu ya mwamba. Ulikuwa upanguaji safi, nasema kweli. Nikatua, nikainuka mbio, nikawageukia wenzangu na kupiga kelele kwa Kiswahili, "Kona! Kila mtu na mtu wake!"

Hakuna aliyesogea. Nyuma yangu mpira ulikuwa ukibiringika taratibu kuelekea kwenye kamba ya mpaka, na kwa sheria yao mpira ukiivuka kamba hiyo wapinzani wanapata mbio nne, yaani alama nne za bure. Kriketi haina mwamba wala kona. Nyuma ya kipa kuna majani matupu. Mrushaji wetu alikaa chini kwa kicheko, na wachezaji wetu wa soka, waliokuja na viti vya kukunja na bakuli la sambusa ili waone nitakavyoaibika, walipata walichokifuata. Kocha alicheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Nilifura. Nilitaka kuvua glavu nizitupe katikati ya ule ukanda wao, nirudi nyumbani na suruali yangu nyeupe. Lakini nilimwona kocha pale kwenye kiti, na nikajua anachokiona yeye si mimi, ni jioni za Februari. Nikachuchumaa tena. Mchana ule nilirudia kosa lile mara kadhaa, maana mwili hausikii maelezo. Kila nilipopangua nilihisi kama napangua uwanja wenyewe uende zake.

Wakati wa chai yule mzee mwenyekiti, ambaye siku hiyo ndiye pia alikuwa mwamuzi, alinijia na kikombe chake. Alikuwa mrefu, kofia nyeupe, pua imebabuka kwa jua. Hakunisalimu.

"Unapangua," alisema. "Acha kupangua. Hakuna mtu nyuma yako."

Akaweka kikombe chini, akanionyesha kwa mikono yake miwili: usiupige, upokee, urudi nao nyuma kidogo, kama unavyopokea mtoto aliyelala. Kisha, kama mtu aliyejutia kuwa mwema, akaongeza kwamba babu wa baba yake alikuwa kipa wa kriketi wa jimbo zima kule Uingereza, enzi ambazo glavu zilikuwa nyembamba kama za baridi, na kwamba vidole vyake uzeeni vilipinda kama tangawizi. Akachukua kikombe akaondoka.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi wakati wa chai mzee alikuja na kipande kingine. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda wengine wa klabu walikuwa wameshayasikia hayo. Huyo babu wa baba yake alikuwa fundi viatu katika mji mdogo. Ujanani anashona soli mchana, jioni anadakia timu ya mji, mpaka siku moja watu wa jimbo wakaja kumtazama mchezaji mwingine wakaondoka na yeye. Alilipwa kwa mechi. Alisafiri kwa treni daraja la chini huku mabwana wa timu hiyohiyo, matajiri wasiohitaji malipo, wakipanda daraja la kwanza, na uwanjani waliingia kwa milango tofauti, mabwana kwao na wafanyakazi kwao. Hapo nilimkatiza mzee.

"Timu moja, milango miwili?"

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema, na akaonekana kama hajawahi kuliona hilo kuwa jambo la kuulizwa.

Niliendelea kumpenda yule fundi viatu. Nilipenda alivyosimama karibu sana na wiketi hata kwa warushaji wa kasi, bila kofia ya chuma, kwa sababu aliona aibu kurudi nyuma. Nilipenda alivyoloweka mikono kwenye maji ya chumvi usiku na asubuhi akarudi kushona viatu. Mimi pia nina mikono inayofanya kazi Jumatatu. Lakini kitu kimoja kilinisumbua. Mzee alisimulia kiangazi kimoja, akaruka, akaanza kiangazi kingine, kama vile huyo mtu alikuwa akilala nusu ya mwaka.

Nikamuuliza, "Mzee, na baridi alikuwa anakula nini?"

Alitazama kikombe. "Alikuwa na viatu vyake vya kushona," alisema, na akaenda kukagua wiketi kabla ya muda.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo joto lilikuwa la kukaangia yai, timu yetu ya kriketi ilipungukiwa watu. Mmoja aliitwa kazini, mwingine gari lake lilizimika barabarani. Nahodha akawatazama watazamaji wetu kwenye viti vyao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na wale walikuwa wamekula kivuli cha klabu ile wiki nyingi. Akamwita beki wetu wa kushoto, huyohuyo aliyechana zulia. Aliingia na sandali, hajui lolote, akawekwa mbali karibu na kamba. Mpira ulipomjia aliudaka mikononi, akaurusha kutoka huko mpaka kwenye glavu zangu bila kudunda, nikaangusha vijiti, na mpigaji aliyekuwa bado anakimbia akatolewa. Kelele zilizopigwa pale si za harusi, ni za harusi ya mtu aliyechelewa kuoa.

Kuanzia hapo bandu bandu gogo likaisha. Wiki ile huyu, wiki nyingine yule. Kiungo wetu Mrundi akawa mrushaji, tena wa kutisha. Viti vya kukunja vikabaki na kocha peke yake, akilalamika kwamba wanamwibia équipe, na kila Jumamosi alikuwepo. Wake zetu walileta wali na maharage, mama wa Kihindi wa mchezaji mmoja akaleta vyake, na ile chai ikawa mlo kamili. Mke wangu alikuja, akala, akakiri kwamba ni harusi kweli.

Mzee naye siku moja alimaliza kisa chake. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za kibanda cha kubadilishia nguo, nami sikumuuliza neno.

"Baridi alicheza soka," alisema, kwa sauti ya kutaja ugonjwa wa ukoo. Vijana wa kriketi wa mji ule, akaeleza, walikuwa wakipotelea kwenye vilabu vya pombe kila msimu ulipokwisha, na majira ya joto yakirudi timu haipo. Ndipo klabu yenyewe ya kriketi ikaanzisha timu ya soka, kwenye uwanja uleule, ili watu wasitawanyike. Fundi viatu akawa kipa wake. Enzi hizo kipa aliruhusiwa kuushika mpira hata mbali na goli, naye alikuwa akitoka nao mpaka karibu na katikati, watu wakipiga miluzi. Alicheza hivyo miaka kadhaa, mwaka mzima bila kupumzika. Kisha baridi moja, juu ya ardhi iliyoganda, mtu alimwangukia mguuni, goti likaharibika. Kiangazi hakuweza tena kuchuchumaa. Watu wa jimbo walimwandikia wakimtakia heri, na ukawa mwisho. Maisha yake yaliyobaki aliyamaliza akiutunza uwanja uleule wa mji, anakata nyasi za kriketi, anachora mistari ya soka.

"Kwetu nyumbani walisema soka lilimla," mzee alisema.

"Lakini lilimlisha baridi, Mzee. Na bila soka, timu yenu kiangazi ingempata nani?"

Aliinuka, akasema chai imekwisha, turudi uwanjani. Nilidhani nimemuudhi, nikajilaumu. Ombi letu lilikuwa bado halijasikilizwa.

Lilisikilizwa jioni moja mwishoni mwa Januari, ndani ya kile kibanda, feni ikizunguka bila kusaidia. Nahodha alitimiza ahadi yake, alisimama akatusemea: jioni mbili kwa wiki, Februari na Machi. Aliyecheza mechi ni mwanachama, kwa hiyo sisi wa soka tulikuwemo, tumejipanga ukutani na mashati ya kazini. Kocha wetu hakuwahi kucheza. Alikuwa nje kwenye maegesho, akizunguka gari lake.

Mzee alivaa miwani. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni alizijua.

"Kwa utaratibu," alisema, "wenye maslahi katika jambo hili hutoka nje ili wengine walijadili kwa uhuru. Watu wa soka, tafadhali."

Wenzangu wakainuka. Sisi hatuhitaji kuambiwa mara mbili kutoka mahali; tumetolewa kwenye vijiji, kwenye kambi, kwenye foleni. Beki wa kushoto alikuwa ameshashika kitasa. Na mimi nilikuwa nimenyanyuka nusu, mkono kwenye kiti, ndipo hasira ikanipanda, hasira nzuri ile inayokuja na maneno yake.

"Mzee, kwa heshima zote," nilisema. "Sisi tukitoka, Jumamosi mtacheza na nani?"

"Hilo ni jambo lingine," alisema.

"Ni lilelile. Wahesabu watakaobaki humu ndani."

Nahodha alianza kuhesabu kwa kidole, kichwa kimoja kimoja, mpaka kwake mwenyewe. Akaangalia tena kama kuna mtu nyuma ya mlango. "Hawafiki kumi na mmoja wa kutimiza timu," alisema polepole. "Hata na wewe, Mr Chairman, hawafiki."

Mtu mmoja alicheka akanyamaza. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akatutazama tulivyosimama ukutani mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma majina ya timu yake. Nilijua nimeuweka uwanja wote mezani kwa sentensi moja, na kwamba kama nimekosea, kocha aliye pale nje hatanisamehe, wala mimi mwenyewe.

"Kaa chini, kipa," mzee alisema. "Kaeni wote. Hakuna anayetoka."

Tangu siku ya kwanza alikuwa akiniita "yule wa soka". Nilikaa. Nikaomba kuongeza sharti kabla ya kura: hakuna viatu vya njumu juu ya zulia, na goli libebwe, lisiburutwe. Beki wa kushoto akatazama sakafu. Mzee akaandika, akauliza wanaokubali wanyooshe mikono.

Tangu utoto wangu nimekuwa mtu wa kushukuru. Nimeshukuru kwa mgawo wa mahindi, kwa turubai, kwa viza, kwa kazi, na sioni aibu, aliyepewa hushukuru. Jioni ile ahsante ilinifika mdomoni kwa mazoea, nikatazama huku na huku nimpe nani. Mikono ilikuwa juu chumba kizima, wa nahodha, wa mzee, wa beki wetu wa kushoto, na wangu mwenyewe ulikuwa juu pamoja nayo.